Mchuzi wa Ikupa

Kila siku alasiri, jua lilipokwisha kuelemea upande wa Zambia na honi za malori zikawa zinaitikiana kwenye foleni ya mpakani, Ikupa alivua sare ya shule, akajifunga kanga kiunoni, akaenda uani kuwasha oveni ya mama yake. Ilikuwa oveni ya mkaa, sanduku la bati nene lililochomelewa na mafundi wa mjini Tunduma, lenye mlango mbele, trei ya makaa chini na trei nyingine juu. Mama yake, Tumpe, aliokea humo skonzi za kuuza. Kazi ya Ikupa, aliyekuwa darasa la sita, ilikuwa kuchochea makaa mpaka yawe mekundu yasiyo na moshi, kisha kuyagawa, machache chini na mengi juu.

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya babu yake, Mzee Lusubilo, mzaliwa wa vilima vya Ileje aliyelima kahawa Mbozi kwa miaka mingi. Amoni, baba yake Ikupa, alikuwa dereva wa lori, naye alionekana nyumbani kwa nadra. Mzee alikuwa na maradhi ya kisukari, na juu ya kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na kidonda kidogo alichokipata kwa kubanwa na buti la mpira. Kidonda hicho kilikuwa kinapona, lakini polepole mno.

Nesi Gwalugano wa kliniki alikuwa amewaonya waziwazi, Ikupa akiwa amesimama pale pale na kitambulisho cha babu yake mkononi.

"Ugali apunguze, mboga za majani azidishe. Soda, sukari, miwa na asali, vyote aviage."

"Asali?" Mzee aliguna. "Binti yangu, asali ni dawa. Sisi tumelelewa kwa asali."

"Ya kikohozi, labda, Mzee wangu. Katika damu yako asali ni sukari tu. Huo mguu ukiupenda, achana nayo."

Basi Tumpe akabuni chakula cha mkwewe. Aliwachanja kuku, akawakoleza tangu asubuhi kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na chumvi kidogo. Nyanya alizichoma juu ya makaa mpaka maganda yakaungua, akazisaga pamoja na kitunguu, siki, pilipili manga na pilipili nyekundu iliyokaushwa, akauchemsha mchuzi ule ukawa mzito. Kuku aliingia ovenini, akatolewa mara kwa mara kupakwa mchuzi, akarudishwa, mafuta yake yakidondokea makaa ya chini na kumfukizia moshi wake mwenyewe. Aliliwa kwa kabichi na parachichi, pasipo ugali wala wali.

Lakini Tumpe hakupata kukaa meza moja na Mzee. Kwa desturi waliyotoka nayo vilimani, mke wa mwana hali na baba mkwe wake, haonji chombo chake, wala hamkaribii pasipo dharura. Chakula alikipika yeye, na aliyekipeleka ni Ikupa. Naye Mzee alimpenda mjukuu huyu kupita kiasi, kwa kuwa alibeba jina la marehemu mkewe. Hakumwita Ikupa. Alimwita Bibi Mdogo.

Palikuwa na desturi nyingine mezani pale. Firigisi ya kuku ni haki ya Mzee, na Mzee alipofurahi aliikata kwa kisu, akampa nusu yule aliyepika. Kupewa firigisi na Mzee Lusubilo kulisimuliwa katika ukoo kama kupewa cheti. Ikupa alikuwa hajapewa hata mara moja, na aliitamani kuliko alivyotamani kushika namba ya kwanza darasani.

Jumapili moja, Tumpe alipopata kazi ya kuoka keki za kipaimara, Ikupa aliomba apike kuku peke yake.

"Fuata nilivyokufundisha," mama yake alimwambia. "Usizidishe, usipunguze."

Siku hiyo alikuja shangazi yake, Rozi, aliyefanya biashara ya vitenge kuvuka mpaka, mwanamke mwenye sauti kubwa na maneno ya Kibemba ya sokoni. Alikuja na mwanawe Tuntufye, rika moja na Ikupa. Ikupa aliweka sinia mezani kwa mikono miwili, akapiga magoti, akasubiri.

Rozi alitafuna, akasita, akaitema nyama kiganjani mbele ya wote.

"Awe!" alisema, neno lake la kukataa. "Awe, hapana! Hiki nini? Mmemwosha kuku kwa siki?"

"Kuku wa hospitali huyu," Tuntufye alidakia. "Ukimla unatafuta kitanda ulale usubiri sindano."

Walicheka. Ikupa alimtazama babu yake, akimwomba kwa macho amtetee. Mzee Lusubilo alitafuna kwa muda mrefu, akameza kwa shida, akaisukuma sahani.

"Bibi Mdogo," alisema, "mwenye jina lako angepika hivi, ningemrudisha kwao siku ya harusi, na ng'ombe wangu ningewadai."

Kicheko kilivuma hadi barabarani. Tuntufye alianguka kutoka kitini kwa makusudi, akajishika tumbo. Mzee mwenyewe alicheka mpaka machozi, kisha akaichukua firigisi, akamrushia mbwa. Mbwa aliinusa, akaondoka, nao wakacheka upya.

Ikupa alikusanya vyombo. Hakulia mbele yao. Alilia nyuma ya oveni, uso wake ukielekea bati la moto, na akaapa moyoni kwamba kicheko kile hatakisikia tena.

Kabatini palikuwa na kopo la asali mbichi kutoka Ndalambo, aliloliacha Rozi zamani kwa ajili ya vikohozi vya watoto. Siku iliyofuata Ikupa aliuchemsha mchuzi kama alivyofundishwa, kisha akalifungua kopo. Maneno ya nesi yalimjia masikioni, kila neno mahali pake. Aliyasikia, akayaelewa, akayapa kisogo. Akamimina kijiko, akaonja, akamimina vingine.

Kuku alitoka ovenini anang'aa kama shaba, kingo zake zimekolea weusi mtamu. Mzee alimega kipande kimoja, akafumba macho.

"Bibi Mdogo! Umetia nini humu?"

"Nyanya na siki, Babu. Ni vilevile. Jana nilikosea makaa tu."

"Hakuna sukari?"

"Hata chembe, Babu."

Mzee aliikata firigisi katikati, akamwekea nusu kiganjani. Ilikuwa ya moto, nayo Ikupa aliila taratibu ili isiishe.

Tangu hapo Mzee hakutaka chakula kisicho na mchuzi wa Ikupa. Aliutaka kwenye mayai ya asubuhi, kwenye kabichi, kwenye parachichi. Ikupa aliujaza katika chupa iliyokaa mezani pa babu yake, mahali ambapo Tumpe hakuthubutu kunyoosha mkono. Rozi alipokuja tena alilamba vidole, akamsifu mtoto na kumsimanga mama yake kwa pumzi moja: "Afadhali binti amejua kupika. Huyo wifi yangu miaka yote hii alikuwa anatulisha majani." Hata Tuntufye aliomba aongezewe. Na Mzee, kwa kuamini kwamba anakula chakula cha mgonjwa, akatangaza kwamba amepona. Siku ya kliniki ilipofika, hakwenda.

Kidonda hakikusikia sifa hizo. Kilichokuwa kinafumba kilianza kufumbuka. Kidole kilivimba, kikawa cha samawati, kisha cheusi, na harufu ikaingia katika mablanketi. Mzee alikunywa maji mtungi kwa mtungi bila kiu kukatika. Ikupa aliyaona yote hayo. Kila asubuhi alijiambia kwamba leo hataweka asali, na kila alipoikaribia meza na kukumbuka kicheko cha siku ile, aliweka.

Kisha asubuhi moja Mzee aliitwa asiitike. Alikuwa amelala macho wazi, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na aliposemeshwa alijibu mambo yasiyoeleweka. Rozi aliitwa, akaja na majirani nyuma yake. Alipouona ule mguu alipiga ukunga, akamgeukia Tumpe aliyesimama mlangoni, ambaye hata wakati huo aliona haya kuingia chumbani mwa mkwewe.

"Umemlisha nini baba yangu?"

"Wifi, tafuteni gari kwanza. Apelekwe hospitali."

"Nimekuuliza, umemlisha nini!"

Tumpe aliingia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa aliifikia meza ya mkwewe. Aliichukua ile chupa, akadondosha tone kiganjani, akalionja. Mwanamke aliyeoka keki miaka yote hahitaji tone la pili.

"Mchuzi huu una asali," alisema. "Mwambieni daktari. Alikuwa anakula asali."

"Mmesikia wenyewe?" Rozi aliwageukia majirani. "Anajua kilichomo! Mchuzi wa mtoto hauna sukari, yeye ndiye aliyeutia asali! Nani mwenye oveni? Mwanamke huyu anaitaka nyumba ya baba yangu!"

Tumpe aligeuka. Alimtazama Ikupa. Hakumnyooshea kidole, wala hakukunja uso. Alimtazama tu, kwa muda wa kutosha mtoto kufumbua kinywa na kusema.

"Mimi sijui," alisema Ikupa. "Mchuzi wangu mimi hauna sukari."

Kitu fulani kilizimika katika uso wa Tumpe. Aliirudisha chupa mezani polepole.

"Oveni ni yangu," alisema.

Rozi aliyachukua maneno hayo kuwa ungamo. Wakati Mzee akipakiwa garini, yeye alikwenda uani, akaipiga teke oveni iliyokuwa imewashwa kwa ajili ya skonzi za asubuhi. Ilianguka ubavu. Makaa yalimwagika, donge la unga likaangukia majivu, mlango ukang'oka bawaba. Tumpe alipoinama kuokoa trei, makaa yaliunguza kiganja chake, na mmoja wa majirani, mama aliyekula skonzi zake kila siku, akasema kwa sauti, "Aungue. Kamwunguza mzee wa watu." Kabla ya jua kupanda, Tumpe, aliyeamriwa na Rozi aondoke, alikuwa amefungasha nguo zake katika kanga moja, amepanda basi kurudi kwao Ibaba. Hakumuaga binti yake. Ikupa alisimama katikati ya makaa yaliyokuwa yakifa, na hata hapo hakusema.

Madaktari waliokoa uhai wa Mzee Lusubilo, lakini mguu hawakuuweza. Waliukata juu kidogo ya kifundo. Alipozinduka alikuwa mkali na mwenye huzuni, anakataa uji, anakataa supu. Nesi Gwalugano, aliyekuja kumtazama, aliwaambia wanandugu bila kuwapamba: "Sukari ikipanda tena, jeraha halitafunga. Lisipofunga, watarudi kukata chini ya goti. Chakula chake kiwe safi."

"Namtaka Bibi Mdogo anipikie," Mzee alinong'ona. "Mchuzi wake. Ule wa mwanzo, kabla yule mwanamke hajauharibu."

"Umesikia?" Rozi alimwambia Ikupa. "Kesho uulete. Ule wako mtamu usio na sukari."

Ikupa alirudi nyumbani, akaisimamisha oveni iliyobonyea, akafunga mlango wake kwa waya. Kabatini, lile kopo la Ndalambo lilikuwa bado na asali. Alilishika. Alijua kwamba akitia asali atasifiwa na babu yake atakatwa tena. Alijua kwamba asipotia, watautambua mchuzi. Alikaa mbele ya makaa mpaka yakapata jivu, kisha akaimwaga asali yote shimoni na kupika kama mama yake alivyomfundisha, bila kuzidisha wala kupunguza. Alitumaini, kama mtoto anavyotumaini, kwamba wagonjwa hupoteza ladha.

Hospitalini Mzee alimega kipande, akatafuna, akakitema.

"Huu si wako. Huu ni wa mama yako. Siki tupu!"

"Mtoto wewe, unamtania mgonjwa?" Rozi alifoka, akamfinya sikio mbele ya wodi nzima. "Babu yako anakufa njaa, umeshindwa hata kumpikia mchuzi wako? Kesho lete ule wako! Umenielewa? Ule wako!"

Ikupa alilitazama blanketi lililolala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kulinyanyua.

"Ule wangu ndio uliokuwa na asali," alisema.

Vidole vya Rozi vilibaki sikioni mwake.

"Mama hakujua. Nilitia mimi. Nilisikia nesi akikataza, na nikatia. Kila siku."

Rozi alimpiga kofi, akainua mkono wa pili, lakini Mzee akasema, "Mwache." Sauti yake haikuwa ya huruma.

"Njoo hapa, Ikupa."

Lilikuwa jina lake mwenyewe, na hakuwahi kulisikia kinywani mwa babu yake. Alisogea.

"Weka mkono hapa. Hapa, juu ya bandeji. Usiuondoe. Mguu huu umepanda milima ya Ileje na kukanyaga shamba langu la kahawa tangu miche hadi mavuno. Niliuona umekwenda, nikamlaani mama yako usiku na mchana kwa kosa lako. Ulinisikia nikimlaani?"

"Ndiyo, Babu."

"Ukanyamaza?"

"Ndiyo, Babu."

Mzee aliuacha mkono wa mtoto juu ya bandeji mpaka kengele ya wageni kutoka ikalia. Machozi ya Ikupa yaliidondokea bandeji, na Mzee hakumfuta.

Amoni aliporejea safarini alimchukua binti yake hadi Ibaba. Walimkuta Tumpe shambani kwa wazazi wake, kiganja kimefungwa kitambaa. Ikupa alipiga magoti katika udongo tifutifu, akaeleza mbele ya bibi na babu zake wa upande ule, na mbele ya wajomba, kila kitu kwa mpangilio wake. Mama yake alisikiliza hadi mwisho.

"Asali nilijua siku ile ile," Tumpe alisema. "Iliyoniuma si asali. Nilikupa nafasi ya kusema, ukaniacha nifukuzwe. Nimekusamehe, kwa kuwa Mungu ametuamuru kusamehe. Lakini usidhani kwamba kusamehewa ni kurudi jana."

Tumpe alirudi Tunduma kwa masharti. Aliyemfukuza ndiye amwombe radhi, na aombe mbele ya walewale waliosikia. Rozi aliomba uani, majirani wakitazama, macho yake yakiwa chini, na gharama ya kuitengeneza oveni akaibeba yeye. Yule mama aliyesema "Aungue" alijifanya anaanua nguo.

Siku Mzee Lusubilo alipotolewa hospitali, jeraha likiwa limefunga, kuku alipikwa kwa siki, nyanya na moshi. Mzee aliketi katika kiti cha magurudumu, akaagiza Tumpe aitwe mezani.

"Baba, desturi," Tumpe alisema kutoka mlangoni.

"Desturi ilitutenga, na katika nafasi ile uongo ukapata pa kukaa. Keti." Alipoketi, Mzee aliikata firigisi, akampa yote, si nusu. "Mwanangu, ulinipikia uhai nikaucheka. Nilimwaibisha mtoto mbele ya watu kwa sababu ya ulimi wangu, na mtoto akautibu ulimi wangu kwa mguu wangu. Rozi, kicheko chako na changu ndicho kilichofungua lile kopo. Nawe, Ikupa, sikia. Kucheka kwetu kulikuwa kosa letu. Kijiko kilikuwa mkononi mwako. Sifa uliyoipata kwa hila ilikulazimu useme uongo kila siku ili usiipoteze, na siku ilipodai zaidi, ukailipa kwa mama yako. Mtu mkweli hula chakula kisicho na ladha akalala. Wewe ulikula firigisi yangu, je, ulilala?"

"Sikulala, Babu."

"Basi kumbuka hilo kuliko utakavyokumbuka mguu."

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. Ikupa alileta sinia, akapiga magoti, akataja kwa sauti kila kilichomo: kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, nyanya, siki, pilipili, chumvi kidogo. Kisha Tumpe alionja, na alipotikisa kichwa kukubali, ndipo Mzee alipokula. Hakuna aliyemtukana Ikupa. Walisubiri tu, kila siku, mama yake amalize kuonja, na kusubiri huko kulimchoma zaidi ya makofi.

Masika yalikuja yakapita. Mzee alijifunza kutembea kwa magongo, na Tuntufye alikuwa amezoea kabichi. Jumapili moja Ikupa alileta sinia, akapiga magoti, akaanza kutaja. Alipofika kwenye siki, Mzee alikwisha kumega paja. Tumpe alikuwa bado uani, anatoa skonzi ovenini.

"Babu, Mama hajaonja."

Mzee Lusubilo alitafuna, akameza, akaisogeza sahani yake kwa Ikupa.

"Nina njaa, Bibi Mdogo," alisema. "Niongezee mchuzi."